Dropshipingi kwenye nchi usiyoishi: anza na pesa, duka litafuata

Juzi binamu yangu alinipigia simu saa sita usiku. Duka lake la mtandaoni lilikuwa limepata oda 34 ndani ya siku tatu, na msambazaji anataka alipwe kabla hajapakia mzigo. Pesa za wateja alikuwa anaziona kwenye akaunti yake ya malipo, zimejipanga vizuri kabisa, ila kitufe cha kuzitoa hakibonyezeki. "Kaka, kwani hizi si zangu?" Nikamwambia zitakuwa zako, subiri. Tulikaa kwenye simu mpaka majogoo, na nilipokata nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja, maana yaliyomkuta yeye yalinikuta na mimi.

Kwa aliye mgeni na neno lenyewe: dropshipingi ni kuuza mzigo usioushika. Mteja ananunua kwako, wewe unamlipa msambazaji, msambazaji anamtumia mteja moja kwa moja. Hapa nazungumzia ile hali ambayo wewe uko nchi moja, mteja yuko ya pili, na mara nyingi mzigo unatoka ya tatu.

Hatua ya 1: Chagua nchi moja

Moja tu. Duka la "tunatuma dunia nzima" ni njia ya haraka ya kujichanganya. Plagi ya Uingereza haiingii kwenye soketi ya Ujerumani, umeme wa Marekani ni volti 120 wakati Ulaya ni 230, na ukiandika kwamba mzigo utafika 03/04, Mmarekani anaelewa tarehe 4 Machi huku Mwingereza akisubiri tarehe 3 Aprili. Ukishaichagua, andika duka lote kwa mazoea ya watu wa huko: sarafu yao, saizi zao, tarehe zao.

Hatua ya 2: Hakikisha unaweza kulipwa, kabla hujagusa kitu kingine

Watu wengi huanza na nembo na rangi za duka. Mimi pia nilianza hivyo. Nilimaliza wiki mbili nikipamba kurasa, kisha siku ya kuunganisha malipo nikagundua kwamba mfumo niliokuwa nautegemea haupokei wafanyabiashara wa nchi yangu. Kwa hiyo leo, kabla hujanunua hata jina la tovuti, fungua orodha ya nchi ambazo mifumo ya kupokea malipo mtandaoni inafanya kazi: ya Stripe, kisha ya Shopify Payments (ya wenye duka la Shopify), kisha ya PayPal. Kwa PayPal soma kwa makini, kwa sababu kuna nchi ambazo akaunti inaruhusu kutuma pesa tu, kupokea hairuhusu. Ukikuta nchi yako haimo kwenye orodha, usijaribu kuingia kwa mlango wa nyuma wa VPN (programu inayoficha nchi uliyopo) na anwani ya rafiki. Utafunguliwa akaunti, utauza, na siku ukitaka kutoa pesa ndipo utaombwa kitambulisho kinacholingana na anwani ile. Hapo huna la kujibu.

Ukishapata mfumo unaokukubali, kuna uhakiki wa nyaraka. Sehemu hii ilinila siku tatu nzima, na sababu ilikuwa ya kipuuzi. Pasipoti yangu ina majina matatu. Taarifa yangu ya benki ina mawili. Fomu ya usajili niliijaza kwa mawili kwa mpangilio mwingine, la ukoo likitangulia. Mtoa huduma akanikatalia mara tano, na kila mara barua pepe ilikuwa ile ile, "nyaraka hazijathibitishwa", bila kusema kasoro iko wapi. Nilipiga picha upya, nikabadilisha taa, nikanunua skana. Skana! Tatizo lilikuwa jina la katikati.

Basi fanya hivi. Weka pasipoti mezani na ujaze kila fomu kama ilivyoandikwa humo, herufi kwa herufi. Nenda benki uombe taarifa ya akaunti iandikwe majina hayo hayo, na iwe ya karibuni, kwa kuwa wengi hawapokei iliyopitisha miezi mitatu. Kama anwani yako ni sanduku la posta peke yake, jua mapema kwamba mifumo mingi inataka mtaa na namba ya nyumba. Tafuta bili au mkataba wa pango unaotaja mahali unapolala. Na usipunguze ukubwa wa picha kwa simu, kwa sababu pembe za waraka zikikatwa unarudi mwanzo.

Halafu kuna kushikiliwa kwa pesa, yaani yale ya binamu. Muuzaji mpya, aliye nje, anayeuza kitu kinachochukua wiki kufika, kwa macho ya mtoa huduma ni mtu anayeweza kutoweka kesho. Masharti ya PayPal yanaruhusu pesa za muuzaji mpya kushikiliwa hadi siku 21, na wengine wana taratibu zao za kubakiza sehemu ya mauzo kama dhamana. Hakuna aliyekuibia. Ila msambazaji wako hataki kusikia habari za siku 21.

Piga hesabu hii kabla ya kutangaza chochote. Ukitarajia oda 10 kwa siku, na kila oda inakugharimu dola 18 kwa msambazaji, ndani ya siku 21 umetoa dola 3,780 mfukoni mwako hujarudishiwa hata moja. Kama huna, uza oda mbili kwa siku. Binamu alikasirika niliposema hivi, akaniuliza kama nimewahi kuona mfanyabiashara anayekimbia wateja. Nimemwona, ni mimi, na duka langu bado lipo. Kuna na la kupunguza machungu: ingiza namba ya kufuatilia mzigo mara tu uipatapo, kwa sababu mzigo ukionekana umefika, pesa nyingi huachiwa mapema kuliko muda wa mwisho.

La mwisho hapa, dogo lakini lina meno. Angalia jina linalotokea kwenye taarifa ya kadi ya mteja. Stripe inakupa herufi 22 za kuweka utakacho, na usipojaza kwa makusudi huenda likatokea jina ulilojisajilia, ambalo mteja hajawahi kulisikia. Mimi nilipata miamala mitatu iliyopingwa na wateja ambao mzigo ulikuwa mikononi mwao tayari. Waliona jina geni kwenye kadi, wakaiambia benki wameibiwa. Weka jina la duka lako, lile lile lililo juu ya tovuti.

Hatua ya 3: Kampuni ya huko, kama huna njia nyingine

Wanaouza kozi za dropshipingi wanasema kila mtu asajili LLC ya Marekani, yaani kampuni ndogo yenye dhima yenye kikomo. Mimi nasema sajili tu kama hatua ya 2 imegonga ukuta. Kusajili ni rahisi, kuitunza ndiko kazi. Mgeni asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya huko hawezi kuomba EIN (namba ya kodi ya kampuni) kwa mtandao, anajaza fomu SS-4 na kuituma kwa faksi au posta, kisha anasubiri. Na LLC yenye mmiliki mmoja ambaye ni mgeni inapaswa kupeleka kwa mamlaka ya kodi ya huko fomu 5472 pamoja na 1120 kila mwaka wenye miamala kati yake na mwenyewe, hata kama haina kodi ya kulipa. Mtaji uliouingiza mwenyewe nao unahesabika. Faini ya kutopeleka inaanzia dola 25,000. Kozi nyingi hazifiki kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 4: Duka

Natumia WooCommerce, programu ya duka inayokaa juu ya tovuti ya WordPress. Shopify, huduma ya kulipia inayokupa duka lililo tayari, ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, sikatai, lakini kama Shopify Payments haipo nchini kwako unakatwa ada ya ziada kwa kila muamala unaopita kwenye mfumo mwingine, asilimia 2 kwenye kifurushi cha Basic, juu ya ada ya mfumo wenyewe. Kwa biashara ya faida nyembamba hiyo ni nyama, si mfupa. Kusakinisha na kuweka bidhaa utajifunza popote.

Hatua ya 5: Msambazaji, na oda ya majaribio

Tafuta kwanza msambazaji mwenye ghala ndani ya nchi unayouzia, hata kama bei yake iko juu. Kama hayupo, nunua bidhaa yako mwenyewe kupitia duka lako, ipelekwe kwa mtu unayemwamini kule, na umwombe apige picha kila hatua: boksi kabla ya kufunguliwa, lebo zote, kilichomo ndani. Oda yangu ya kwanza ya majaribio ilikuwa na karatasi ndani ya boksi, ankara ya msambazaji, yenye bei niliyolipa mimi. Fikiria mteja aliyelipa dola 40 akikutana na karatasi ya dola 11. Tangu siku hiyo kwenye kila oda naandika: hakuna ankara ndani, hakuna matangazo, hakuna jina la kiwanda juu ya boksi. Kisha nafanya tena oda ya majaribio bila kumwambia msambazaji.

Hatua ya 6: Forodha na kodi ya huko

Swali ni moja: mzigo ukifika mpakani, nani analipa, na mteja analijua hilo? Akibishiwa hodi na mpeleka mizigo anayemdai pesa ambazo wewe hukuzitaja, atakataa mzigo na kudai chake. Na haki atakuwa nayo.

Umoja wa Ulaya: tangu tarehe 1 Julai 2021 hakuna tena mzigo mdogo usio na VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Kwa mizigo isiyozidi yuro 150 kuna mfumo wa IOSS, ambapo wewe unamtoza mteja VAT ya nchi yake pale pale anaponunua (Ujerumani asilimia 19, Ufaransa 20, Hungaria 27) na unaiwasilisha kila mwezi. Muuzaji aliye nje ya Umoja kwa kawaida lazima apitie wakala aliyesajiliwa ndani, na wakala ana ada yake. Ukishapata namba yako, inayoanza na herufi IM, kazi haijaisha. Kuibandika nje ya boksi hakutoshi, ni lazima msafirishaji aitume kwa njia ya kielektroniki kwenye taarifa za forodha. Mimi nilimpa msambazaji namba, akaniambia "sawa", akaiandika kwenye lebo. Wateja saba wakatozwa VAT mara ya pili. Niliwarudishia wote kutoka mfukoni. Sasa kabla ya kila msimu naomba msambazaji anionyeshe picha ya skrini ya taarifa ya forodha ya mzigo mmoja, yenye namba yangu ndani ya sehemu yake. Hanipendi kwa hilo.

Tena kwa Ulaya, tangu tarehe 13 Desemba 2024 sheria ya usalama wa bidhaa inataka bidhaa nyingi za kawaida ziwe na mwajibikaji aliye ndani ya Umoja, jina na anwani yake vionekane kwenye ukurasa wa bidhaa na kwenye bidhaa au kifungashio chake. Muulize msambazaji kama anaye. Akinyamaza, achana na bidhaa hiyo.

Uingereza: kwa mzigo wa pauni 135 au chini unaotoka nje, VAT inatozwa wakati wa kuuza, na muuzaji mwenye duka lake anatakiwa awe amesajiliwa huko.

Marekani: sahau video zote za zamani zinazosema mzigo chini ya dola 800 unapita bure. Msamaha huo uliondolewa kwa mizigo ya China na Hong Kong tarehe 2 Mei 2025, na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Muulize msafirishaji kama anatuma kwa utaratibu wa ushuru kulipwa na mtumaji, upate kiasi, ukiweke ndani ya bei. Bei kubwa iliyo wazi humkasirisha mteja mara moja, deni la mlangoni humfanya aandike kwa benki.

Hatua ya 7: Mzigo unaorudi

Mteja wa Ulaya ana siku 14 tangu apokee mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu. Usipomweleza haki hiyo, muda unaongezeka kwa miezi 12. Sasa atarudisha wapi, kwako? Kwa bidhaa za bei ndogo narudisha pesa na kumwacha nayo. Kwa za bei kubwa nalipia ghala la huko linalopokea mizigo inayorudi, na anwani yake naiandika wazi kwenye tovuti.

Hatua ya 8: Kujibu

Wateja wako watakuwa macho wakati umelala. Tenga saa mbili kwa siku zinazoangukia mchana wao, ujibu kila barua. Huhitaji roboti ya mazungumzo. Barua ya "mzigo wangu uko wapi" ijibiwe kwa namba ya kufuatilia na tarehe halisi, usiandike "hivi karibuni".

Na kama mzigo unatoka China, weka alama kwenye kalenda: mwaka mpya wao huangukia kati ya takriban tarehe 21 Januari na 20 Februari, na viwanda hufungwa kwa wiki kadhaa. Mwezi mmoja kabla, muulize msambazaji siku ya mwisho ya kupokea oda. Siku tatu kabla ya siku hiyo, zima matangazo. Binamu nimemwekea kikumbusho kwenye simu yake mwenyewe.