Somo: Kufunga mipira ya moto kwenye stelingi ya pikipiki, kwa wanaopanda Lushoto

Asalaam aleikum wanakikundi, na wote habari za kazi.

Ukiwa Ngamiani, Tanga mjini, jasho linakutoka, mipira ya moto (vishikio vya stelingi vinavyopashwa joto kwa umeme) utaiona anasa. Lakini panda kutoka Mombo alfajiri ya Julai, kilomita 33 hivi za kona hadi Lushoto mjini. Kule ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Ongeza upepo wa mwendo na ukungu. Mkono ukifa ganzi, vidole vinachelewa kufika kwenye breki, na barabara ya Soni haimsubiri mtu. Mimi nilifunga yangu kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya kwanza: pima umeme kabla hujanunua. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Jozi moja ikiwa kwenye moto wa juu hula kama ampea 4. Zidisha kwa volti 12, unapata wati 48, wakati taa kubwa ya pikipiki nyingi ni wati 35. Weka mita ya volti kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini, washa taa, vuta mafuta kidogo: iende kati ya 13.5 na 14.5. Isipofika, tengeneza chaji kwanza. Na kama taa yako kubwa haiwaki mpaka injini iwake, tena inafifia ikiwa sailensa (injini inanguruma bila kuvuta mafuta), ujue inakula moja kwa moja kwenye koili ya kuzalisha umeme na betri inapata kidogo. Pikipiki ya namna hiyo mpelekee fundi umeme kabla ya kutoa hela yako.

Hatua ya pili: toa mipira ya zamani. Ipasue kwa wembe, usihangaike kuivuta. Futa gundi kwa petroli, acha pakauke kabisa. Bomba la plastiki la upande wa mafuta (kulia, unakozungusha kuongeza mwendo) likiwa na vituta, vipige tupa taratibu mpaka mpira mpya uingie.

Hatua ya tatu: jaribu bila gundi. Mpira wenye tundu kubwa ni wa kulia, kwa sababu unavaa juu ya lile bomba. Sasa zungusha mafuta mpaka mwisho, uachie. Lazima yarudi yenyewe, yagonge. Kata stelingi kushoto, jaribu; kata kulia, jaribu. Nasisitiza kwa sababu yalinikuta: fundi alinifungia waya wa kulia ukiwa umekazwa mno, na nikiteremka kutoka Soni mafuta yakagoma kurudi. Nilizima kwa swichi nikasimama kwa breki, Alhamdulillah. Acha waya uwe na ulegevu, na utokee mahali usipobanwa na mkono wa breki.

Hatua ya nne: gundi. Tumia iliyokuja kwenye boksi kama ipo. Paka kidogo, sukuma kwa mkupuo mmoja, maana inashika upesi. Isiingie ndani ya bomba la mafuta.

Hatua ya tano: waya. Kutoka chanya ya betri, weka fyuzi karibu na betri (ile iliyoandikwa kwenye maelekezo, isipoandikwa, ampea 5 au 7.5 inatosha jozi ya ampea 4), kisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) mguu namba 30. Namba 87 iende kwenye swichi ya mipira. Namba 86 ipate umeme kutoka waya wa taa ndogo ya nyuma, 85 iende hasi. Hivyo ukitoa ufunguo, kila kitu kinazima. Rudia kipimo cha mita mipira ikiwa inawaka: ikishuka chini ya 13 ukiwa kwenye mwendo, punguza moto.

MASWALI

Dereva wa Muheza: Kaka, siwezi kuunga kwenye waya wa honi nikaokoa hela ya rilei?

Jibu: Usifanye hivyo ndugu yangu. Waya ule ni mwembamba na honi hulia sekunde chache tu. Mipira inakula saa nzima. Waya utapata moto, na fyuzi ikikatika unabaki bila honi kwenye kona.

Mkaazi wa Korogwe: Shikamoo. Yangu viganja vinaungua lakini vidole kwa nje bado baridi. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea. Joto liko upande wa kiganja, upepo unapiga mgongo wa vidole. Weka vikinga upepo mbele ya klachi na breki, halafu moto utaupunguza mwenyewe.

Mbeba mboga wa Lushoto: Mimi hela ya hayo sina, na kila siku natoka saa 10 usiku.

Jibu: Basi anza na vikinga, dada yangu. Kata dumu la plastiki, lifunge kwenye stelingi, na uvae glavu zisizobana, kwa sababu zikibana damu haipiti vizuri. Jaribu breki na klachi hadi mwisho kabla ya kuondoka, dumu lisiguse. Nitumie picha ukimaliza, nikuangalizie vikinga vilivyokaa.