Jinsi ya Kuweka Utaratibu wa Uongozi katika Mradi wa Kujitolea wa Programu Huria

Anayeanzisha mradi wa programu huria hufikiria kwanza msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kisha leseni, na suala la nani ataamua nini huliacha mpaka ugomvi wa kwanza uzuke. Kufikia hapo amechelewa, kwa sababu kanuni inayotungwa watu wakiwa wamekwisha kukasirikiana huonekana imetungwa ili kumkomoa mtu fulani. Andikeni utaratibu wenu mngali mnaelewana, hata kama mko watatu tu.

Anzeni na leseni, kwani ndiyo inayobeba uhuru wenyewe: wa kuitumia programu kwa kusudi lolote, wa kuichunguza na kuibadilisha, wa kusambaza nakala zake, na wa kusambaza nakala zilizobadilishwa. Chagueni leseni inayojulikana, kama vile GPL au ile ya Apache, wala msijitungie yenu. Iwekeni kwenye hazina ya msimbo tangu siku ya kwanza, maana pale ambapo kila mchangiaji amebaki na hakimiliki ya kazi yake, kuibadilisha baadaye mara nyingi hudai ridhaa ya wote, wakiwemo walioondoka zamani.

Leseni hiyohiyo ndiyo kinga ya wanajumuiya dhidi ya viongozi wao, kwa kuwa yeyote asiyeridhika anaweza kuuchukua msimbo na kuanzisha mradi wake. Mwaka 1997 baadhi ya waandaaji wa GCC, programu huria inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa na kompyuta, waliochoshwa na mwendo wa polepole, walijitenga na kuanzisha EGCS. Kazi yao ikazidi kukubalika, na mwaka 1999 EGCS ndiyo iliyofanywa kuwa GCC rasmi. Kwa hiyo mtu anapotaja kujitenga, msimwite msaliti, bali mwulizeni ni kizuizi gani kimemfikisha hapo.

Jambo ambalo viongozi wengi hulisahau ni kwamba anayejitolea haamrishwi. Katiba ya Debian, mradi wa kujitolea unaotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta, iliyopitishwa mwaka 1998, inalisema hili waziwazi: asiyetaka kufanya kazi aliyopangiwa halazimiki kuifanya, lakini haruhusiwi kuyahujumu maamuzi yaliyofikiwa kwa utaratibu halali. Ningependa kila mradi uwe na kifungu cha namna hiyo, kwa sababu kinampa kila mmoja haki ya kupumzika bila kujieleza, na papo hapo kinawalinda wanaofanya kazi dhidi ya wanaozuia tu. Mamlaka ya kiongozi wenu basi yaandikwe kuwa ni ya kukubali au kukataa kazi iliyoletwa, si ya kumtuma mtu.

Kwa maamuzi ya kila siku, mfano mzuri ni ule wa Apache, shirika linalosimamia miradi mingi ya programu huria. Anayeunga mkono huandika +1, asiye na upande huandika 0, anayepinga huandika -1. Kura kwa kawaida huachwa wazi kwa angalau saa 72, ili anayeishi upande mwingine wa dunia, au anayefanya kazi hii usiku baada ya ajira yake, apate nafasi ya kusoma na kujibu. Katika mabadiliko ya msimbo, -1 moja yaweza kuzuia, lakini ni lazima iambatane na sababu ya kiufundi. Shikilieni sharti hilo la sababu, maana bila hilo pingamizi hugeuka kuwa silaha ya mwenye kinyongo.

Kiongozi naye awe na njia ya kuingia na ya kutoka. Debian humchagua kiongozi wake kila mwaka, na mpiga kura hupanga wagombea kwa namba kufuata upendeleo wake. Miongoni mwa machaguo huwamo pia "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Python, lugha ya kuandikia programu, iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, mpaka alipojiuzulu nafasi hiyo mwaka 2018 baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja, ndipo waandaaji wakalazimika kujadili kwa miezi kadhaa namna ya kujiongoza kabla ya kuchagua baraza la watu 5. Yaandikeni mapema yatakayofuata mwanzilishi akichoka.

Uchovu huo una hatari yake. Mwaka 2024 iligundulika kwamba mtu aliyechangia katika xz, programu huria ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka 2, hata akaaminiwa kuwa mtunzaji mwenza, alikuwa ameingiza humo mlango wa siri, yaani njia ya kuingilia kompyuta za watu bila ruhusa. Mtunzaji wa awali alikuwa ameelemewa, na watu walikuwa wakimshinikiza apate msaidizi. Msimpe mtu ufunguo wa kutoa matoleo kwa sababu tu ya shinikizo, na hakikisheni kila toleo limekaguliwa na mtu wa pili.

Mwisho, wekeni kanuni za mwenendo na mtaje majina ya watu wawili au watatu wa kupokea malalamiko, pamoja na atakayeyapokea iwapo anayelalamikiwa ni mmoja wao.