SJT za kampuni za mawakili: usinyamaze eti kwa sababu ya adabu

Wadogo zangu mnaosoma sheria hapa Zanzibar, mliopo Tunguu na kwengineko, naona wengi mnaomba nafasi za mafunzo kwenye kampuni za mawakili za Uingereza na mnakatwa hata intavyuu hamjaiona, ukiuliza kumbe ni ule mtihani wa onlaini, SJT (Situational Judgement Test), unaopima unavyoamua mambo ya kazini. Mie mara ya kwanza ulinikata, na GPA yangu ilikuwa nzuri tu, ndo maana nakwambieni haya.

Kwanza msiuchanganye na Watson Glaser, mtihani mwengine wanaoutumia. Ule unapima mantiki, una sehemu tano, unasoma maelezo unaamua kama hitimisho linafuata au halifuati. SJT haukuulizi hata kifungu kimoja cha sheria. Unapewa kisa cha kazini, wewe ndo mwanafunzi wa uwakili, chini yake majibu manne matano, unachagua lililo bora na lililo baya, au unayapanga yote, au unaambiwa kila moja uliwekee alama. Wanaangalia unavyofikiri ukiwa kazini.

Sasa tazameni kisa hichi, nimekitunga mwenyewe. Saa tano usiku umetuma rasimu ya mkataba, ukabonyeza jina silo, imeili imekwenda kwa mteja mwengine kabisa. Bosi wako kesharudi nyumbani. Je, umwandikie yule mteja aifute na yaishe hapo hapo, umpigie bosi usiku huo huo, usubiri asubuhi umwambie vizuri, au umuulize mwenzako mlioanza pamoja?

Mtoto aliyelelewa Ng'ambo au Wete moyo wake unakwenda kwenye kusubiri asubuhi, maana kumpigia mtu mzima saa tano za usiku ni kukosa adabu. Mie nilikuwa najibu hivyo hivyo kila kisa. Lakini siri ya mteja ishatoka, na wa kuamua nini kifanyike si wewe, kwa hiyo bosi anapigiwa sasa hivi. Baya kuliko yote ni kumwandikia yule mteja kimya kimya, kwa sababu umeamua peke yako na umeficha. Hayo mawili ya kati, mie naweka kusubiri asubuhi juu ya kumuuliza mwenzako, angalau bosi atajua, ingawa mtu anaweza kubishana na mimi hapo.

Na heshima haiendi popote jamani. Samahani unaitoa, unasema nimekusumbua usiku, nimekosea hivi na hivi, imekwenda kwa fulani. Mkubwa yeyote wa kazi anataka aambiwe mapema.

Kisa chengine kinachorudi sana ni mabosi wawili, kila mmoja anataka kazi yake saa kumi. Sie tumezoea kuitika "haya" kwa wote wawili halafu tunakesha. Waambie mapema wote wawili kuwa zimegongana, uliza ipi itangulie.

Kwa visa vya maadili someni misingi saba ya SRA (Solicitors Regulation Authority), ndo chombo kinachosimamia hao mawakili wa England na Wales, ni mifupi haichukui nusu saa. Humo mna ukweli, uadilifu, maslahi ya mteja, na ikigongana basi ile inayolinda maslahi ya umma inatangulia. Ndo maana mteja akikutaka uipotoshe mahakama, jibu la kumfurahisha haliwi bora hata awe analipa vipi.

Kujifunza, kaeni wawili watatu barazani, kila mmoja alete kisa alichokiona alipokwenda fildi, ofisi ya wakili au mahakamani, muyapange majibu kila mtu kivyake kisha mubishane kwa nini. Kule kubishana ndo kunakofundisha. Someni pia kampuni inasema inathamini nini, ila usijifanye mtu usiyekuwa wewe, visa viko vingi na utajipinga.

Siku yenyewe hakikisha tukuza ya umeme imo, bando lipo, laptopu ina chaji, na soma maelezo ya mwanzo maana mingine ina taimu mingine haina. Na saa! Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba London iko nyuma yetu masaa matatu, kabla ya hapo mawili, kwa hiyo wakisema mwisho saa sita mchana yao mwezi wa Novemba, kwetu ni saa tisa alasiri.