Kuunganisha kompyuta ya nyumbani na hifadhi ya mtandaoni bila kumaliza bando

Kabla ya kupakua programu yoyote, pima mwendo wa kupakia. Wengi hupima kupakua tu kwa sababu ndiko wanakokuona wakitazama video, lakini kazi ya kupeleka mafaili mtandaoni yote inategemea huu mwingine, nao mara nyingi ni mdogo mara kadhaa. Fungua fast.com, subiri namba itulie, bofya "Show more info" na usome palipoandikwa Upload. Pima mara tatu: asubuhi, saa mbili usiku na saa saba usiku. Utashangaa tofauti.

Sasa piga hesabu. Mtandao hupimwa kwa biti, mafaili kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Ukiona Mbps 2 (megabiti 2 kwa sekunde) za kupakia, hizo ni KB 250 kwa sekunde. GB 1 itachukua dakika 67 mtandao usipoyumba, na picha za harusi za GB 10 zitachukua zaidi ya saa 11. Kupakia kunakula bando sawasawa na kupakua, kwa hiyo mwenye bando la GB 5 asitegemee kupandisha folda ya GB 6 halafu abakiwe na ya WhatsApp.

Kama namba imetoka mbaya sana, usikimbilie kulaumu mtandao. Mnara hurusha kwa makumi ya wati, lakini simu au modemu yako inajibu kwa takriban sehemu moja ya tano ya wati. Ndiyo maana unaweza kupakua vizuri huku kupakia kunakwama. Kwenye nyumba zilizobanwa na mawe, kama za mlimani Igogo na Mabatini jijini Mwanza, jiwe moja kati yako na mnara linatosha kuharibu kazi, na bati la paa nalo huzuia. Toa rauta kabatini, iweke dirishani upande wenye mnara, upime tena. Kuisogeza mita mbili tu kunaweza kubadilisha hali kabisa.

Kuchagua hifadhi

Google hutoa GB 15 bure, Microsoft kupitia OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Zile 15 za Google zinagawanywa na barua pepe na picha za simu, na zikijaa hata barua pepe mpya hazitaingia. Kwa sababu hiyo, fungua akaunti ya pili ya Google kwa ajili ya mafaili ya kompyuta pekee, ila ikumbuke: akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vyote vilivyomo.

OneDrive huja tayari ndani ya Windows, na hapo ndipo penye mtego. Ukikubali kila kinachoulizwa wakati wa kuwasha mashine mpya, inachukua Desktop, Documents na Pictures na kuanza kuzipandisha bila kungoja. GB 5 zinajaa, bando linakwisha, na mwenye kompyuta hajui kilichotokea. Kama huitumii, bofya ikoni ya wingu karibu na saa, ingia Settings, kisha "Unlink this PC".

Maelezo yanayofuata ni ya Google Drive kwenye Windows 10 au 11, kwa sababu ndiyo yenye nafasi ya kutosha bila malipo.

Kuunganisha

Nenda google.com/drive/download, pakua GoogleDriveSetup.exe, isakinishe. Itafungua kivinjari uingie kwenye akaunti, kisha File Explorer itaonyesha diski mpya, kwa kawaida G:, yenye folda ya My Drive ndani.

Programu inatoa njia mbili. "Mirror files" huweka nakala kamili ya kila kitu kwenye kompyuta na mtandaoni. "Stream files" huacha mafaili mtandaoni na kuyaleta pale tu unapoyafungua. Mtumiaji wa bando achague Stream. Faili unalolihitaji hata mtandao ukizima, libofye kwa kitufe cha kulia, "Offline access", halafu "Available offline".

Usiburute kitu bado. Bofya ikoni ya Drive karibu na saa, kisha gurudumu la meno, Preferences, halafu gurudumu la pili juu kulia. Huko kuna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza ni "Bandwidth settings". Weka tiki kwenye Upload rate na uandike kama asilimia 70 ya mwendo uliopima. Kwa KB 250, andika 175. Sababu ni kwamba hata kupakua kunahitaji kompyuta yako irudishe majibu madogo madogo kwenda nje. Ukijaza njia ya kutokea yote, majibu hayo yanakwama na nyumba nzima inalalamika kwamba mtandao umekufa, simu za WhatsApp zinakatika, kumbe ni wewe.

La pili ni "Local cached files directory", yaani ghala la muda. Hili lina kosa linalopoteza kazi za watu. Ukiburuta video ya GB 4 kwenda G:, mstari wa kijani wa Windows unamalizika kwa dakika moja au mbili. Inaonekana imefika. Haijafika popote: imenakiliwa tu kutoka upande mmoja wa diski yako kwenda ghalani, na sasa inasubiri foleni ya kupanda kwa zaidi ya saa sita kwa zile KB 175. Mtu anafuta ile ya asili "maana iko mtandaoni", anazima mashine, au anatoka kwenye akaunti kabla foleni haijaisha. Vilevile diski C: inaweza kujaa ghafla kwa sababu ghala liko humo. Kama una D: yenye nafasi, hamishia huko. Na usifute faili la asili mpaka uliangalie kwa simu, kwenye drive.google.com, kisha ulifungue. Kuona jina lake peke yake hakutoshi.

Anza na folda ndogo ya MB 50. Ikifika salama, ongeza kubwa. Folda zilizoko tayari kwenye kompyuta, kama Documents, huhitaji kuzihamisha: kwenye Preferences bofya "Add folder", ichague, uweke tiki kwenye "Sync with Google Drive" na uache ile ya Google Photos.

Jambo moja lieleweke mapema: kuunganisha si kuweka nakala ya akiba. Ukifuta faili kwenye folda iliyounganishwa, linafutwa na mtandaoni. Linakaa kwenye Trash siku 30, baada ya hapo limekwenda. Virusi vikiharibu mafaili ya kompyuta, yaliyoharibika ndiyo yatakayopanda. Basi mafaili yasiyo na mbadala yawe pia kwenye diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa kabatini.

Yasiyofaa kuwekwa humo

Mafaili ya programu za mahesabu, hifadhidata za Access na mafaili ya Outlook yenye mwisho wa .pst yasikae kwenye folda iliyounganishwa. Programu inaandika ndani ya faili muda wote ikiwa wazi, na hifadhi inaweza kuchukua nakala katikati ya maandishi, ikapanda nusu mpya nusu ya zamani. Mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni anayetunza hesabu za magunia kwenye programu ya namna hiyo afunge programu jioni, atoe nakala ya akiba kwa kitufe cha programu yenyewe, na nakala hiyo ndiyo iende kwenye folda. Excel ya kawaida haina shida, mradi isifunguliwe na watu wawili, mmoja Mwanza mjini na mwingine Nansio kisiwani Ukerewe, wote wakiwa nje ya mtandao. Mtandao ukirudi mtapata mafaili mawili, na hakuna programu itakayowaambia lipi ni la kweli.

Njia ya rclone

Kwa Linux, kwa mashine dhaifu, au kwa anayetaka kushika usukani mwenyewe, rclone ni bora kuliko programu ya Google. Ni ya bure, haina madirisha, inaandikiwa amri. Andika rclone config, chagua n, ipe jina wingu, aina andika drive, upeo (scope) chagua 1, penginepo bonyeza Enter mpaka kivinjari kifunguke uruhusu. Kisha, kwa folda iliyoko Windows:

rclone copy D:\Hesabu wingu:Hesabu --bwlimit "06:00,100k 23:00,off" --progress

Maana yake: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi isipite KB 100 kwa sekunde, na kuanzia saa tano usiku iachiwe. Programu inahesabu saa 24 za kizungu, usije ukaandika 05:00 ukimaanisha saa tano. Tumia copy, usitumie sync, mpaka uizoee: sync hufuta kule mtandaoni chochote ambacho hakipo kwako, na ukikosea njia ya folda inasafisha bila kuuliza. Ukiongeza --dry-run mwishoni mwa amri, itakuonyesha tu ingefanya nini.

Amri ikikatika, irudie vilevile. Mafaili yaliyokwisha kupanda itayaruka. Lakini faili lililokuwa katikati linaanza upya. Video ya GB 8 iliyokatika kwenye asilimia 95 inarudi sifuri. Dawa ni 7-Zip: bofya video kwa kitufe cha kulia, "Add to archive", na kwenye "Split to volumes" andika 200M. Utapata vipande 40 au zaidi kidogo, na umeme ukikatika unapoteza vile vichache vilivyokuwa njiani tu.

Usiku na radi

Bando la usiku ni nafuu, lakini usiku ndiyo muda ngurumo za Ziwa Victoria huamka, hasa vuli na masika. Usiache kompyuta ya mezani ikipakia huku imechomekwa ukutani wakati mawingu yamekaa upande wa ziwa. Kinga ya umeme ya kwenye tawi la soketi (extension) husaidia umeme ukiruka kidogo, haizuii radi iliyopiga karibu. Chomoa soketi, na kama una antena ya nje, chomoa waya wake pia. Mwenye laptop aitumie kwa betri yake, na mtandao autoe kwenye simu isiyo kwenye chaji.

Ikigoma

Ikikataa kuingia kwenye akaunti na kivinjari kinasema tovuti si salama, tazama tarehe. Mashine nyingi za mtumba zina betri ndogo ya ubao wa ndani (motherboard) iliyokufa, na kila ukichomoa umeme tarehe inarudi miaka nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Ni betri ya mviringo ya CR2032, volti 3. Zima, chomoa, ibadilishe, kisha uweke saa.

Faili moja likikwama peke yake, soma jina lake. Windows haikubali alama kama : ? * na | kwenye jina, na mafaili yaliyotoka kwenye Linux huwa nazo. Njia ya faili, yaani majina ya folda zote mpaka faili lenyewe, ikipita herufi 260 nayo huleta shida. Fupisha majina ya folda.

Ukiambiwa nafasi imejaa na wewe umefuta vitu, hujamwaga Trash.

Mwisho weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, lakini usitegemee namba ya simu peke yake, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba kupewa mwingine. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, si kwenye kompyuta hiyohiyo.