Namna ya kuandika katazo likaeleweka: kwa wanaoandaa matangazo ya wakulima wa korosho

Msimu ukikaribia, mbao za matangazo za vyama vya msingi vya ushirika huku Tandahimba na Newala hujaa "usi": usianue mapema, usichanganye daraja, usihifadhi kwenye mfuko wa plastiki. Mimi ni afisa ugani, na matangazo haya ni sehemu ya kazi yangu. Naomba tuyaandike upya, kwa sababu mkulima akikosea kwa kutoelewa, korosho yake inashushwa daraja na hasara ni yake peke yake.

Hatua ya 1. Jua kinachotokea kichwani

Kukanusha kunaichosha akili. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, alianza kulionyesha hilo kwa majaribio mwaka 1959. Mwaka 2007 Barbara Kaup na wenzake waliwapa watu sentensi inayosema angani hakuna tai, kisha wakawaonyesha picha. Tai aliyekunjua mabawa alitambuliwa upesi kuliko aliyeyakunja. Yaani tai anayeruka alikuwa ameshachorwa kichwani, ingawa sentensi ilimkana. Kwa hiyo ukikataza mfuko wa plastiki, kinachotangulia kuonekana ni huo huo mfuko.

Hatua ya 2. Weka kitendo mahali pa katazo

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Kanusho lenye kinyume kinachojulikana halina taabu: "si mbichi", akili inajibu "kavu". Lakini "usianue mapema" kinyume chake ni nini? Mapema ni hadi lini? Msomaji anabaki ameshika "anua mapema" pamoja na alama ya kukataa, na alama hiyo ni nyepesi kupotea kwenye kumbukumbu.

Andika hivi: "Anika juani siku mbili hadi tatu, ukigeuza, mpaka ganda likatae ukucha." Mkulima anabonyeza kwa kidole gumba, anajua. Na kuhusu mfuko: "Hifadhi kwenye gunia la katani." Basi, plastiki usiitaje kabisa.

Hatua ya 3. Bakiza "usi" pale penye mazoea ya kupingwa

Wason alirudi mwaka 1965 akaonyesha kwamba kanusho huwa rahisi likikana jambo ambalo msikilizaji tayari analitarajia. Minada ikianza watu wana haraka, wanaangua korosho kwa fimbo. Wazo hilo limo kichwani mwao tayari, kwa hiyo likabili: "Usiangue mtini. Okota iliyoanguka yenyewe." Sentensi ya pili isikosekane, maana ndiyo inayoenda shambani.

Hatua ya 4. Vunja kanusho juu ya kanusho

"Hakuna korosho isiyokauka itakayopokelewa" iwe "Tunapokea korosho kavu tu." Hapa sina la kuongeza.

Hatua ya 5. Jaribu kwa mtu kabla ya kubandika

Msomee mkulima mmoja, ikiwezekana mzee. Ukimuuliza "Umeelewa, mama?" atakuitikia kwa heshima, na hutajua lolote. Muulize: "Mama, ukifika nyumbani utaanza na nini?" Akitaja kitendo, vizuri. Akisema tu "nimeambiwa nisifanye hivi", rudi hatua ya 2. Kisha mpitie kesho yake, muulize tena bila kumsomea; jibu hilo la pili ndilo la kusahihishia tangazo.