Paka katafuna mshubiri: la kufanya kabla hujakimbilia maziwa

Juzi alfajiri bi mkubwa wa nyumba ya pili, hapa Chumbageni, Tanga, alinibishia hodi. Paka wake kamviringisha kwenye kanga, anatapika povu. "Mwanangu, kala mkonge wangu wa kwenye kopo!" Mkonge wa kwenye kopo? Nikavaa ndala nikaenda kuuona.

Hatua ya 1. Mwondoe paka hapo, mfute mdomo kwa kitambaa kibichi, mwekee maji ya kunywa.

Hatua ya 2. Ujue mmea wenyewe. Mwaka jana, paka wangu alipotafuna jani, hapa ndipo nilipopoteza saa nzima. Sisi wa Tanga kila jani nene lenye miiba pembeni twaliita mkonge. Nikapiga picha tatu, nikazitia kwenye programu ya simu ya kutambua mimea, ikanipa majina matatu. Tangu siku hiyo nategemea kisu.

Kata jani. Likiwa na nyuzi ngumu, zile za kusokotea kamba, ni mkonge. Mshubiri hauna nyuzi: ndani kuna ute kama wa yai bichi, na chini tu ya ganda hutoka utomvu wa njano. Utomvu huo ndio uliotupa "chungu kama shubiri", na ndio unaomdhuru paka, kwa kuwa una aloini, inayochafua tumbo. Ute tunaojipaka usoni hauna neno sana, ila paka hajui kumenya jani. Usionje kuhakikisha! Na yakitoka maziwa meupe, huo si mshubiri, pengine ni mnyaa. Nawa mikono vizuri, yakiingia machoni utajuta.

Jina la mtaani pia lisikudanganye. Ukiambiwa "yungiyungi", uliza lipi. Kuna la kwenye bwawa, na kuna lile la mashada ya harusi, Lilium, ambalo huua figo za paka. Hata chavua aliyoilamba kwenye manyoya yake inatosha. Kwa hilo usingoje dalili, mpeleke saa ileile. Mbegu za mtapo, ule mmea wa bustani unaofanana na mnazi mfupi, nazo humharibu ini, usizichukulie poa.

Hatua ya 3. Usimtapishe. Maji ya chumvi hapana, mafuta hapana, maziwa hapana (najua, ndiyo dawa ya bibi zetu). Panadol ndiyo kabisa usithubutu: kidonge kimoja cha mtu mzima chaweza kumuua.

Hatua ya 4. Mwangalie. Mshubiri humtapisha, humharisha, humlegeza, na mara nyingine mkojo hubadilika rangi ukawa mwekundu. Katapika mara moja au mbili na bado anakunywa maji? Mpigie daktari wa mifugo, kisha mwache alale. Asipokoma, au akiwa bado mdogo, mpeleke. Mtie kwenye kikapu chenye kifuniko, maana paka wa kupakatwa kwenye bodaboda huruka, na uchukue kipande cha jani. Daktari atakuuliza kala nini na saa ngapi.

Hatua ya 5. Hamisha kopo. Bi mkubwa alitaka kuliweka juu ya ukuta, nikamwambia ukuta kwa paka ni baraza. Mshubiri wake tumeupanda nje ya uzio, majirani wanajikatia wa kupaka nywele. Pale kibarazani pana rehani na asumini, visivyo na sumu kwake, na paka keshaanza kulala kwenye chungu cha rehani.