Betri Inakufa Kila Baada ya Siku Mbili: Kufuatilia Umeme wa Sedani Kuukuu kwa Mita ya Kawaida

Mwezi uliopita, saa kumi na mbili asubuhi, jirani yangu alinigongea mlango. Ni mwalimu mstaafu, ana Toyota Mark II, ile GX110 ya mwaka 2002, na ilikuwa imegoma kuwaka kwa mara ya nne ndani ya wiki mbili. Alikuwa ameshanunua betri mbili kwa miezi mitano, zote kwa ushauri wa mafundi walioangalia kwa macho wakasema, "Betri hiyo, mzee."

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia. "Ya tatu usinunue. Niachie gari leo."

"Marahaba. Ila jioni nina msiba Kibaha, nisaidie liwahi."

Nilijua ni kazi ya saa moja. Jioni ilifika gari bado halijapona, mwalimu akaenda msibani kwa daladala, na jambo hilo liliniuma. Karibu muda wote huo ulipotelea kwenye hatua ya nne hapa chini, kwa hiyo hiyo nimeieleza kwa urefu. Nyingine nimezipitia upesi. Maelezo yanafaa pia Premio, Carina, Camry na sedani nyingine za Kijapani za umri huo.

Vifaa

Mita, ile ndogo ya njano inayouzwa kila duka la umeme, inatosha kabisa. Spana namba 10, bisibisi, msasa laini, na kipande cha waya mnene chenye vibanio vya meno pande zote mbili. Testa ya taa sipendi kuitumia kwenye kazi hii. Itakwambia umeme upo au haupo, haitakwambia ni kiasi gani, na hapa swali lote ni kiasi gani.

Hatua ya 1: Pima betri ikiwa imetulia

Gari likiwa limelala usiku kucha, weka mita kwenye volti 20 DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Volti 12.6 betri imejaa. 12.2 imebaki kama nusu. 12.0 na chini ya hapo, ichaji kwanza kabla hujapima kitu kingine chochote, maana betri iliyoisha inaharibu majibu ya vipimo vyote vinavyofuata. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia mita: ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, hapo ndipo useme betri imechoka.

Hatua ya 2: Tamino (vichwa vya waya vinavyobana ncha za betri)

Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, ndani ya kichwa cha waya pia, si nje tu. Rudisha chanya, malizia na hasi, paka grisi juu. Tamino unayoweza kuizungusha kwa mkono haijakaza.

Hatua ya 3: Pima chaji

Washa gari, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, pima palepale kwenye betri. Unataka kuona kati ya 13.8 na 14.6. Washa taa kubwa, AC na feni, isishuke chini ya 13.2. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti volti) ya altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, imekufa na betri inapikwa.

La mwalimu lilisoma 13.9, nikaipitisha altaneta nikasonga mbele. Nilikosea. Altaneta inaweza kuchaji vizuri mchana na ikanyonya betri usiku, kwa sababu ndani yake kuna diodi zinazoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Moja ikianza kuvuja, umeme unarudi kinyumenyume kutoka kwenye betri gari likiwa limezimwa.

Kuna kipimo cha diodi hizo ambacho nilikifanya na bado nikakipuuza. Unageuza mita kwenye volti za AC (umeme unaogeuka-geuka, si kiyoyozi) injini ikiwa imewashwa, ukipata zaidi ya nusu volti unazishuku diodi. Nikapata 29! Nikaona mita imeharibika, nikaendelea na mengine. Mita haikuwa imeharibika: hizi za njano, ukizipa umeme wa DC zikiwa kwenye AC, zinasoma karibu mara mbili ya volti za betri, na ukibadilisha waya zinasoma sifuri. Kwa kipimo hiki tafuta mita nzuri zaidi, hata ya kuazima. Ya njano haitakusaidia hapa.

Hatua ya 4: Tafuta umeme unaovuja gari likiwa limezimwa

Gari lolote la umri huu linatumia umeme kidogo likiwa limelala: saa, kumbukumbu ya redio, kompyuta, alamu. Ampea 0.02 hadi 0.05 ni kawaida. La mwalimu lilikuwa linakula 0.71. Piga hesabu: 0.71 mara saa 24 ni kama ampea-saa 17 kwa siku. Betri yake ni ya 45. Siku mbili, zimekwenda 34, stata itageuzwa na nini?

Kabla ya kupima, liandae gari. Funguo nje. Fungua boneti na mlango wa dereva, kisha lile komeo la mlango lisukume kwa bisibisi mpaka liingie kama vile mlango umefungwa, ili taa ya ndani izime na gari liamini limefungwa. Ukimaliza kazi, vuta kitasa komeo lirudi kabla ya kubamiza mlango. Nimeona komeo limevunjwa kwa kusahau hilo. Taa ya buti nayo iangalie, na ile ya kwenye kabati la dashibodi. Hizo mbili zinaweza kuwaka usiku kucha bila mtu kujua.

Sasa mita. Waya mwekundu uhamishie kwenye tundu la 10A, swichi kwenye 10A. Usianze na lile la miliampea, fyuzi yake ni ya miliampea 200 na itakatika papo hapo. Kwenye mita nyingi za bei nafuu tundu la 10A halina fyuzi kabisa, kwa hiyo mita ikiwa imeunganishwa hivi usipige stata, usiwashe swichi, usifungue mlango mwingine. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti saa hiyohiyo. Ukisahau, siku utakapokwenda kupima volti utakuwa umefunga chanya na hasi kwa waya mtupu.

Mita inakaa kati ya ncha ya hasi ya betri na waya wake mweusi. Watu wengi huchomoa waya kisha wanachomeka mita, na hapo wanaamsha kompyuta, alamu na redio kwa pamoja, wanasoma ampea 2 wanaogopa bure. Fanya hivi: bana ule waya wenye vibanio, upande mmoja kwenye ncha ya betri, wa pili kwenye kichwa cha waya wa hasi. Sasa chomoa tamino. Umeme haujakatika, unapita kwenye kipande chako. Unganisha mita sambamba nacho, subiri nusu saa gari lilale, kisha ondoa kipande taratibu. Kila unachosoma sasa kinapita kwenye mita.

Nusu saa ni nusu saa. Nenda kanywe chai.

Ukiwa na namba yako, unatafuta ni fyuzi gani inaibeba. Njia ya kuchomoa fyuzi moja moja inafanya kazi, lakini ukirudisha fyuzi unaamsha tena kitu na kusubiri kunaanza upya. Mimi, kama nina mita ya pili, nasoma juu ya fyuzi yenyewe. Kila fyuzi ina vidoa viwili vya chuma mgongoni. Weka mita kwenye milivolti 200, gusa vyote viwili. Sifuri maana yake hakuna umeme unaopita. Ikionesha chochote, hata milivolti moja, fyuzi hiyo ina mteja usiku huu. Gari linaendelea kulala.

Kwa mwalimu ya kwanza ilikuwa fyuzi ya redio. Redio ya Kijapani ilishatolewa zamani, ikawekwa ya kioo kikubwa, na aliyeifunga alisokota waya mwekundu na wa njano pamoja. Wa njano ni wa umeme wa kudumu, kwa ajili ya kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa upate umeme funguo ikigeuzwa tu. Ukiviunganisha, redio inazima kioo lakini yenyewe hailali. Nikautenganisha mwekundu nikaupeleka kwenye waya wa ACC, ule unaopata umeme funguo ikigeuzwa tu, namba ikashuka mpaka 0.48. Nilifurahi, nikadhani ninafunga kazi.

Lakini 0.48 bado ni nyingi, na hapo ndipo siku ilipoliwa. Nikapima kila fyuzi ndani, sifuri. Kila fyuzi chini ya boneti, sifuri. Nikachomoa zote, moja baada ya nyingine, nikazipanga kwenye gazeti juu ya injini, na mita ikabaki karibu palepale. Nikang'oa rilei, zile swichi za sumaku. Nikachomoa alamu. Nikalala chini ya dashibodi nikifuata waya zilizofungwa na watu wanne tofauti kwa miaka ishirini. Saa nne nzima.

Kama umechomoa fyuzi zote na ampea hazijashuka, acha kutafuta ndani ya gari. Kuna nyaya nene mbili zisizopita kwenye fyuzi ndogo hata moja: wa stata, na ule mnene unaotoka kwenye betri kwenda nyuma ya altaneta. Huo wa altaneta una umeme saa zote, na fyuzi yake ni ile kubwa iliyofungwa kwa nati, ambayo mtu akichomoa fyuzi huwa haigusi. Toa hasi ya betri kwanza, fungua nati ya waya mnene wa altaneta, uzungushie kitambaa au mpira usiguse chuma, rudisha hasi kupitia mita. Nilipofanya hivyo mita ikasoma 0.03.

Kuna njia ya mkono pia. Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, gusa mgongo wa altaneta. Injini yote itakuwa ya baridi. Altaneta ikiwa na uvuguvugu, umeme unaunguzwa humo ndani. Siku hizi hicho ndicho ninachoanza nacho, kabla hata sijatoa mita kwenye mfuko.

Tulipoifungua, diodi moja ilikuwa inapitisha pande zote mbili: nzima husoma kama volti 0.5 upande mmoja na haisomi kitu ukigeuza waya. Tulibadilisha sahani ya diodi peke yake, tukaipata eneo la Gerezani, Dar. Napendelea kurekebisha altaneta ya asili ya gari kuliko kununua "mpya" isiyojulikana ilikotoka. Mwalimu sasa anapima volti kila asubuhi na kuandika kwenye daftari la mistari, tarehe kushoto, namba kulia. Wiki tatu zimejaa 12.5 na 12.6.

Hatua ya 5: Stata inayogonga

Ukigeuza funguo ikalia tik-tik-tik haraka, umeme ni mdogo, rudi hatua ya 1. Ikigonga *tak* mara moja ikanyamaza na taa za dashibodi hazififii, mara nyingi ni zile shaba mbili ndani ya solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata zimelika. Zinauzwa peke yake. Usikubali kubadilishiwa stata nzima kabla hazijaangaliwa.

Hatua ya 6: Taa za nyuma zinazochanganyikiwa

Unakanyaga breki na indiketa inawaka kidogo, au unawasha indiketa na taa ya breki inafuatisha. Hiyo ni athi, waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, ndani ya buti. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani. Usihukumu kwa macho. Weka mita kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri (utahitaji waya mrefu), mwingine kwenye waya wa hasi wa soketi ya taa, taa zikiwa zimewashwa. Ikipita 0.1, fungua skrubu ya athi, sugua rangi na kutu mpaka chuma kionekane, funga, paka grisi.

Na kama gia haitaki kutoka P, kabla hujaita mtu wa giaboksi angalia kama taa za breki zinawaka. Fyuzi ya STOP ikikatika, au swichi ya pedeli ikifa, gari halijui kwamba umekanyaga breki na linakataa kuachia gia.

Hatua ya 7: Vioo na sentro loki

Kioo kimoja kikigoma kwa swichi ya dereva lakini kikakubali kwa swichi ya mlango wake, tatizo ni swichi ya dereva. Ifungue, zile shaba ndani zimekuwa nyeusi, zisafishe kwa spirei ya swichi. Mlango mzima ukifa, kioo, loki na spika kwa pamoja, vuta ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi. Nyaya humo zimekunjwa kila mlango ulipofunguliwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na zinakatika ndani ya plastiki, kwa nje unaona nzima. Vuta kila mmoja kidogo kwa vidole. Uliokatika utanyooka kama mpira. Ongeza kipande kirefu cha waya laini ili kiungo kikae ndani ya mlango, nje ya mkunjo. Choma kwa risasi, vika mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia tepu kwa joto la Dar hakudumu. Gundi inayeyuka, tepu inateleza, na ndani ya mwezi waya mtupu unagusa bodi.